Mapigo Saba na Pengo

Mstari ulipaswa kulala.

Mhandisi aliutazama tena, akaegemea meza kwa kiwiko. Kwenye kioo cha osiloskopu, chombo kinachochora umeme kwa mwanga, kioo cha duara kisichozidi kisahani cha kikombe, doa la kijani lilitembea kutoka kushoto kwenda kulia likiacha nyuma yake uzi mwembamba wa mwanga. Hakuna kilichokuwa kimeunganishwa. Waya wa kupimia ulining'inia kwenye msumari wake ukutani, haujaguswa tangu asubuhi. Chombo kisichopima kitu huchora mstari ulionyooka, basi. Huu ulitembea, ukaruka juu kidogo, ukashuka, ukatembea. Ukaruka tena.

"Kapasita," alisema kwa sauti, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kuvitajia vyombo makosa yao.

Mtaani walimwita Mhandisi, nusu kwa heshima na nusu kwa utani, kwa sababu alisoma hadi chuo kikuu kisha akarudi kukaa kwenye chumba kile kile cha mbele alichoachiwa na baba yake, akitengeneza vyombo vya kupimia umeme ambavyo vingi vilikuwa na umri wa kumzaa. Baba alimwachia pia meza, mita ya mshale yenye kava la ngozi, na masharti mawili. La kwanza, ukiingiza mkono kwenye chombo chenye umeme mkubwa, mkono wa kushoto uwe mfukoni, ili umeme ukikukamata usipate njia ya kuvuka kifua. La pili, kazi ambayo hujaipima hujaimaliza, hata kama inawaka.

Osiloskopu hii ililetwa na mtunza stoo wa chuo kimoja cha ufundi, imeviringishwa kwenye blanketi.

"Ina tatizo gani?" Mhandisi alikuwa amemuuliza.

"Sidhani kama ina tatizo. Ilizimwa tu. Mimi niliikuta imezimwa, na aliyenitangulia naye aliikuta imezimwa." Alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na vumbi. "Mkuu anaitaka kwenye kabati la maonyesho, lakini iwake."

Ilimchukua siku mbili. Alibadilisha kapasita tatu zilizokauka, akasafisha kwa brashi miguu ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani. Kisha, chini kabisa, karibu na transfoma, akakuta waya wa kijani uliokatwa. Haukuwa umekatika, ulikatwa. Ncha zake mbili zilikunjwa ili zipeane mgongo, kila moja ikazungushiwa uzi mweusi na kupakwa vanishi. Pembeni, kwenye bati, mtu alikuwa ameacha matone matatu ya risasi ile ya kuunganishia nyaya, yamepangwa sawasawa kama vifungo vya shati.

Alifungua mchoro uliokuja na chombo. Kwenye mchoro waya ulikuwa mzima. Aliyekata alikuwa na mkono mzuri sana, na hilo ndilo lililomuudhi, uzembe angeuelewa. Akaondoa uzi, akapasha pasi ya risasi, akaunganisha. Kwenye daftari la kazi aliandika: *Waya wa kijani ulikatwa bila sababu. Nimeuunga.*

Na sasa mstari haukutaka kulala.

Mama aliingia na kikombe cha chai, akiburuza ndapa zake za mpira. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliweka kikombe mahali pekee pasipokuwa na misumari midogo, akainama kutazama kioo.

"Nani huyo umemuunganisha?"

"Hakuna mtu, mama. Ni hitilafu."

"Hitilafu gani ina moyo? Nimekaa wodini miaka thelathini na mbili. Mstari huo nimeutazama kuliko nilivyomtazama marehemu baba yako."

"Angekusikia."

"Angekubali. Yeye mwenyewe alizitazama redio kuliko mimi." Mama alisogea karibu zaidi, midomo ikihesabu. "Na unaruka. Angalia. Saba, halafu unapumzika. Saba, halafu unapumzika. Kama wangu."

"Kama wako vipi?"

"Wangu umekuwa hivyo tangu nilipokuzaa wewe. Nikihesabu saba, moja linapotea. Daktari alisema haliui, linasumbua tu. Nikamwambia hata mwenyewe aliyelileta ni hivyo hivyo."

Alicheka, akampigapiga binti yake shingoni. Mhandisi alishtuka.

"Mikono yako ina baridi."

"Ni maji ya bomba," alisema Mama, akatoka.

Kulikuwa na ngazi sita kutoka chumba cha mbele kwenda uani. Mhandisi alizisikia ndapa zikipanda moja baada ya nyingine, na macho yake yakiwa bado kwenye kioo aliona doa la kijani likiongeza mwendo, miruko ikisogeleana. Ndapa zikasimama juu. Mama akakohoa. Mstari ukatetemeka. Kisha, polepole, ukatulia, kama mtu aliyefika juu ya ngazi na kupata pumzi.

Halafu alifanya kile ambacho mtu wa vipimo hufanya. Alimwita Mama arudi, akamkalisha kwenye stuli, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, bila kumwambia kitu. Chini ya vidole: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, kimya. Kwenye kioo: saba, kimya. Aliachia mkono kana kwamba umemuunguza, japo ulikuwa wa baridi.

"Nini?" alinong'ona Mama. Alikuwa ameuona uso wake.

"Hakuna kitu, mama. Nenda kapumzike."

Alichomoa plagi. Alisimama ameishika kiganjani, vyuma vyake vitatu vikiwa hewani. Doa la kijani likaendelea kutembea. Hilo halikumshangaza mara moja, maana kapasita hubaki na umeme hata chombo kikizimwa, kila fundi anajua, na ndiyo sababu haziguswi kabla ya kuzimaliza nguvu. Aliingiza mkono wa kushoto mfukoni, akachukua bisibisi ya mpini mrefu, akazigusisha miguu moja baada ya nyingine. Haikutoka hata cheche. Zilikuwa tupu. Chombo hakikuwa na umeme wowote ndani yake, na mstari ukatembea, ukaruka, ukatembea, na mvumo mdogo wa transfoma, ambao ulipaswa kufa pamoja na plagi, uliendelea, ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, kwa mwendo wa mtu anayepumua mdomo ukiwa wazi.

*

Siku ya kwanza, aliandika kwenye daftari, mruko ulikuwa na urefu wa miraba miwili ya kioo. Siku ya pili, mitatu. Siku ya tatu, mitano kasoro.

Siku hiyo ya pili Mama hakumaliza chai yake. Siku ya tatu alilala hadi saa sita mchana, akaamka akiuliza kama ni asubuhi. Alipokaa kitandani, gauni lilimkaa mabegani kama limetundikwa. Kila alipoulizwa alisema ni uchovu, ni hewa, ni uzee. Alijipima mwenyewe mapigo kwa saa yake ya kiuuguzi, akatikisa kichwa, akasema, "Yapo. Ila yanasikika mbali."

Daktari wa zahanati alikuja, akasikiliza, akasema moyo ni dhaifu lakini hakuna ugonjwa anaoweza kuutaja. Aliacha dawa ya kuongeza damu.

Jirani yao, fundi cherehani, alikuwa mwanamke aliyeweza kuongea na pini tano mdomoni. Alikuja kukaa na Mama mchana, akasimama mlangoni mwa chumba cha mbele, akakunja pua.

"Mhandisi, mashine yako inanuka nywele zilizoungua."

"Ni vumbi kwenye valvu."

"Vumbi langu nalijua. Hizo ni nywele." Alizitoa pini mdomoni, jambo ambalo hakulifanya ovyo. "Na kwa nini umeifunika shuka?"

Aliifunika kwa sababu mwanga wa kijani ulikuwa unafika hadi korido. Alitaka kuichukua na kuitupa nje, na asubuhi ile alikuwa amejaribu. Alipoinyanyua kutoka mezani, kabla hajafika mlangoni, mvumo ulipanda ghafla na kutoka chumbani Mama akatoa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyevutwa nguo kwa nyuma. Akairudisha mezani taratibu, akainua kona ya shuka. Mruko ulikuwa umegusa ukingo wa juu wa kioo, kisha ukashuka polepole hadi pale ulipokuwa.

Miraba minane ndiyo urefu wa kioo kile. Kwa mwendo ule, aliandika kwa herufi ndogo, mstari ungefika mwisho wa kioo kesho kutwa. Hakuandika ni nini kingefuata. Alilifunga daftari.

Kisha akakumbuka yale matone matatu. Alimpigia simu mtunza stoo.

"Nani alikuwa fundi wa maabara yenu zamani? Anayeacha alama ya matone matatu."

"Kwani kimewaka?"

"Nani?"

"Mzee Risasi," alisema mtunza stoo. "Nitakuelekeza kwake. Lakini dada, usikirudishe huku."

*

Mzee Risasi aliishi kwa binti yake, kwenye nyumba yenye veranda ya saruji. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkono wake wa kushoto umelala juu ya paja, mwembamba, umekunjamana, kama mkono wa mtu mwingine alioombwa amshikie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtunza stoo amenipigia simu. Wewe ni mtoto wa yule fundi aliyekuwa anaongea na kapasita."

"Ndiyo."

"Na wewe unaongea nazo?"

"Kidogo."

"Basi kaa." Alingoja akae. "Waya wa kijani."

"Nimeuunga."

Hakupiga kelele. Alifumba macho tu, akakaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba binti yake alichungulia dirishani.

"Kwa nini?" aliuliza hatimaye.

"Mchoro unaonyesha waya mzima."

"Mchoro wa chapa? Au wa kalamu?"

Alitaka kusema wa chapa. Kisha ukamjia machoni: karatasi ya manjano, mistari myeusi ya kiwandani, na ule mmoja, uliopigwa rula kwa ustadi hata hakujisumbua kuuangalia mara mbili, wenye weusi uliopauka kuelekea zambarau. Wino. Mtu aliuongeza.

"Tulikuwa watatu maabara," alisema Mzee Risasi. "Mwalimu wetu alikuwa anatafuta vitu vidogo. Vidogo mno, umeme ambao hata mdudu hana. Akaongeza ule waya ili chombo kisikie zaidi, akauchora na kwenye mchoro ili asisahau. Sasa, ukitega sikio namna hiyo, ukaacha mlango wazi namna hiyo, kuna siku utapata wa kuingia. Wiki ile ile tukaanza kuona mapigo, na hatujaunganisha kitu. Tulicheka. Tukaita kitu hicho mgeni. Kisha mwalimu akaanza kukonda."

"Ni jini?"

"Wewe umesoma. Ulifundishwa kwamba kila kipimo hula."

"Ndiyo. Ukipima betri, mita inakunywa kidogo ndani yake. Mita nzuri inakunywa kidogo sana."

"Basi hili ni kitu kinachopima watu, na halina mahali pa kutosheka. Liite unavyotaka. Sisi tuliita jini. Aliletwa mganga. Alikaa nalo dakika tano, akatuomba nauli ya kurudi." Hakutabasamu. "Tuliizima, haikuzimika. Tukaipeleka stoo, mwalimu akazidi kuisha huko kwake, mbali. Kuivunja tuliogopa, kwa maana mtu alikuwa humo ndani. Nikasema nitaukata waya."

"Likatoka?"

"Likabaki upande wake. Ndiyo maana ilikaa kimya miaka yote hii."

"Na mwalimu?"

Mzee Risasi aliutazama mkono wake uliolala.

"Mwalimu alikuwa na moyo mzima. Unapiga sawasawa kama saa ya ukutani. Haukuwa na pengo popote. Nilingoja, nikangoja, mwisho nikakata hivyo hivyo. Mke wake aliniambia alikuwa anakunywa chai. Anasema hata kikombe hakikumwagika, alikiweka chini kwanza." Aliushika mkono uliolala, akausogeza pajani. "Ukikata penye pigo, unakata pigo. Umenielewa? Ni lazima ukate mahali ambapo moyo haupo."

Mhandisi alisikia damu ikimrudi usoni. "Wa mama yangu una pengo. Kila baada ya mapigo saba, moja linapotea. Ni hivyo tangu anizae."

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemwona. Aliita binti yake, akamwambia alete koleo ndogo iliyokuwa kwenye droo, ile yenye mipini ya mpira mwekundu. Aliifungua na kuifunga mara mbili kwa mkono wake mzima, akampa.

"Litakuita," alisema. "Mimi liliniita kwa sauti ya mke wangu, nikautoa mkono mfukoni. Wewe usiutoe. Ukishakata, funga ncha kwa uzi, paka vanishi, rudisha kifuniko. Na usipime."

"Nitajuaje kama limeisha?"

"Hutajua. Najua baba yako alikufundisha nini. Usipime. Kipimo ndicho mlango."

*

Ilikuwa saa tisa alasiri ya siku ya nne, jua kali, watoto wa shule wakipita barabarani wakigombania kitu. Chumbani, fundi cherehani alikaa kando ya kitanda ameushika mkono wa Mama. Hakuwa na pini mdomoni.

"Hajafungua macho tangu uondoke," alisema.

"Usiache kumshika. Na usiniite, dada, hata iweje. Nitakuja mwenyewe."

Alifunga mlango wa chumba cha mbele, akaondoa shuka.

Harufu ilimjia kwanza, ya nywele zilizoungua, na chini yake nyingine, ya chuma kilicholowa, kama ukilamba betri. Mruko ulikuwa wa miraba saba na nusu. Alifungua skrubu nne za kifuniko, akaziweka kwenye kisoda kwa mpangilio wa kawaida, maana mikono yake ilihitaji kufanya kitu cha kawaida. Valvu zilikuwa zinawaka rangi ya chungwa, bila plagi. Chini kabisa, waya wa kijani ulikuwa unatikisika kwa kila pigo, kidogo tu, kama mshipa wa shingoni.

Aliutia mkono wa kushoto mfukoni. Kwa mkono wa kulia akaishusha koleo, akafungua meno yake kuuzunguka waya, akayaacha hapo bila kugusa.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba. Pengo.

Hakukata mara ya kwanza. Alitaka kulipima pengo, lilikuwa na urefu gani, na liligeuka kuwa fupi kuliko alivyodhani, lenye nafasi ya neno moja tu. Aliamua kwamba mara inayofuata angekata. Moja, mbili, na mvumo ukabadilika, ukalainika, ukawa na kitu ndani yake kama ulimi.

"Mwanangu."

Tatu.

"Mwanangu, nimeamka. Mbona giza?"

Sauti ilikuwa ya Mama, sauti yake ya asubuhi, yenye mkwaruzo kidogo, na haikutoka kwenye chombo bali nyuma yake, mlangoni, na pamoja nayo zilikuja ndapa, ndapa zile zile, zikiburuzwa sakafuni, na alijua kwa hakika kwamba mlango aliufunga na kwa hakika ile ile kwamba hakuukumbuka mlio wa kitasa, na mapigo kwenye kioo yakaanza kwenda mbio kama ya mtu aliyesimama ghafla, akapoteza hesabu, hakujua tena kama lile lililopita lilikuwa la nne au la tano, na meno ya koleo yalikuwa yameanza kutetemeka pembeni mwa waya, na sauti ikasema, sasa karibu kabisa, kwenye nywele zake, "Nishike, naanguka, mwanangu, nishike mkono," na kidole kimoja cha baridi kikamgusa mkono wa kushoto pale unapoingia mfukoni, kikauvuta taratibu, bila nguvu, kama Mama alivyokuwa akimvuta alipokuwa mdogo ili wavuke barabara.

Aliukunja mkono ule ngumi ndani ya mfuko hadi kucha zikaingia kiganjani. Hakugeuka. Alilia kwa macho wazi kwa sababu ilimbidi aone kioo, na alingoja, na mwishowe lilikuja, pengo, fupi, tupu, mstari umelala kimya kama unavyopaswa kulala, na akaanza upya kutoka hapo, kwa sauti, akiifunika ile sauti nyingine kwa ya kwake, moja, mbili, "nishike," tatu, nne, "unaniacha," tano, "wewe mwenyewe unaniacha," sita, saba.

Akakata.

Ulikuwa mlio mdogo wa waya tu. Kioo kikazimika kuanzia pembeni kuelekea katikati hadi likabaki doa moja la kijani, kisha hata hilo likafa. Valvu zikapoa. Barabarani mtoto mmoja alikuwa bado anadai zamu yake.

Kutoka chumbani akamsikia fundi cherehani akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, mama, polepole, nani amekwambia ukae?"

*

Mama alikunywa uji nusu bakuli, kisha nusu iliyobaki. Saa moja jioni aliomba miwani yake. Saa mbili alimwambia fundi cherehani kwamba upindo wa pazia la chumbani umepinda, na fundi cherehani akasema mgonjwa mwenye macho hayo hana haja ya kuuguzwa, akaenda zake kwa furaha.

Mhandisi alizifunga ncha kwa uzi mweusi. Alizikunja zikapeana mgongo. Lakini mikono ya Mama, alipomwekea mto, ilikuwa bado na baridi.

Hilo ndilo lililomrudisha kwenye meza. Alisimama mbele ya chombo kilichokufa, chupa ya vanishi mkononi, akijiuliza kama amekata kweli au kama limelala tu, likingoja Mama apate nguvu ya kunyonywa tena. Mzee Risasi alikuwa mzee. Hakupima, kwa hiyo hakujua. Alisema mwenyewe kwamba mtu hajui. Kama lilikuwa bado lipo, ilikuwa heri kulijua sasa, wakati Mama ana uji tumboni, kuliko kulijua wiki ijayo. Angepima mara moja tu. Angetumia mita ya baba, ile ya mshale, ambayo haikuwahi kumdanganya mtu.

Alifungua kava la ngozi. Akautia mkono wa kushoto mfukoni. Akagusisha ncha moja ya mita kwenye bati, na ncha nyingine, kwa nukta tu, kwenye shaba ya waya wa kijani, pale uzi ulipoacha upenyo.

Mshale haukusogea. Sifuri.

Alitoa pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu siku nne zilizopita. Akapaka vanishi, akarudisha skrubu nne, akaandika kwenye daftari: *Waya wa kijani umekatwa. Usiungwe. Nimepima: sifuri.*

Asubuhi alimkuta Mama jikoni, amesimama kwa miguu yake, anaimba wimbo wa kanisani aliousahau maneno. Mikono yake ilikuwa na joto la sufuria. Mhandisi aliishika yote miwili, akaikandamiza mashavuni, Mama akamuuliza kama ameanza kuwa mtoto tena.

Alirudi chumba cha mbele kupanga vyombo. Mita ya baba ilikuwa mezani, kava wazi, nyaya zake zimeviringishwa. Haikuwa imegusa kitu.

Mshale ukainuka kidogo, ukashuka.

Aliuangalia. Ukainuka, ukashuka. Alishika ukingo wa meza, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba. Akangoja pengo.

Nane, mshale ulisema. Tisa. Kumi.

Sio Mama. Alitaka kulia kwa shukrani. Sio Mama, haukuwa na pengo, ulipiga sawasawa kama saa ya ukutani, na ndipo, huku akiwa bado anashukuru, alipoinua vidole viwili na kuviweka chini ya taya yake.

Alisimama hivyo hadi aliposikia ndapa. Mama aliingia na chai, akaiweka mahali pekee pasipokuwa na misumari, akampokea mkono ili amkalishe kwenye stuli.

"Mikono yako ina baridi," alisema Mama.

Mhandisi alifunga kava la ngozi juu ya mshale.

"Ni maji ya bomba, mama."